TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 3: Sufuria ya jana na mtoto wa jirani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Allah atukubalie funga zetu.

Wale tunaosoma juzuu moja kila siku, leo tuko juzuu ya tatu. Ndani yake kuna swali moja fupi aliloliuliza Nabii Zakariya (a.s.), na ndilo tutakalokaa nalo leo. Kabla ya kufika hapo naomba niwasimulie kisa. Wenye kisa wameniruhusu, kwa sharti nisitaje majina wala mtaa. Basi msinifuate faragha kuniuliza ni kina nani.

*Kisa chenyewe*

Kina mama wawili walipanga nyumba moja, milango inatazamana, uani mmoja. Mmoja anauza mitumba sokoni, anatoka asubuhi anarudi alasiri. Mwenzake yuko nyumbani na watoto wake watatu. Kwa miaka miwili huyu wa nyumbani alikuwa akibaki na binti mdogo wa mwenzake, bure, hela haijawahi hata kutajwa. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Magharibi ikifika sahani zinavuka uani: huku tambi, kule mihogo ya nazi.

Ramadhani ya mwaka juzi, siku za mwanzo tu, yule wa nyumbani alipika futari kubwa. Mumewe alikuwa na wageni. Wali wa nazi ukabaki, ndizi za nazi zikabaki. Friji hana. Akafunika sufuria, akaziacha jikoni mpaka kesho yake. Adhuhuri watoto wana njaa, yeye amefunga. Akawasha mkaa, akapasha, akawapakulia wote wanne kwenye sinia moja. Hakuonja, maana amefunga.

Jioni yule binti, miaka miwili na nusu, akaanza kutapika. Usiku akaharisha mpaka mama yake akaacha kuhesabu. Wakati watu wanakula daku, yeye yuko ndani ya bajaji na mtoto amelegea mapajani, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Hospitali wakamtundikia dripu. Akalazwa siku mbili. Alhamdulillah, akapona.

Siku waliyorudi, mama hakupita kusalimia. Alisimama katikati ya uani akasema, "Umemlisha mwanangu kiporo kilichochacha."

Mwenzake akajibu, "Wangu watatu wamekula sinia hiyohiyo, mbona hawakuumwa?"

"Wako ni wako. Wangu nilikuachia mzima."

"Miaka miwili nakaa na mwanao sijakudai hata senti, leo mimi ndiyo nimekuwa mchafu?"

Usiku ule yakaandikwa maneno kwenye grupu la kikoba la kina mama: jamani, tuwe makini na watu tunaowaachia watoto wetu. Jina halikutajwa, lakini kila mtu alijua.

Basi. Sahani zikaacha kuvuka uani. Watoto wakaambiwa msicheze na wale. Na wote wawili wamefunga, na wote wanakwenda tarawehe, safu moja, mmoja mwanzo wa safu na mwingine mwisho.

*Nilipokosea mimi*

Nikaombwa nikasuluhishe, kwa vile watoto wa nyumba ile wanasoma madrasa kwangu. Nikaenda na hotuba yangu mfukoni. Nikasema mashetani wamefungwa minyororo mwezi huu, sasa ninyi mnawafanyia kazi yao. Nikasema ni qadar ya Allah, mtoto kapona, sameheaneni, jamani hiki si chakula tu? Nikadhani nimemaliza.

Mama mwenye mtoto akanitazama, akasema taratibu, "Ustadh, mimi sijakataa kusamehe. Nataka mtu mmoja tu aniambie kwamba nilikuwa na haki ya kuuliza mwanangu kalishwa nini."

Mwenzake naye, nyuma ya pazia la mlango wake, akasema, "Na mimi nataka mtu mmoja aseme kuwa sikumpa sumu."

Sikuwa na jibu. Nikaaga, nikarudi nyumbani.

*Swali la Nabii Zakariya*

Niseme ukweli wangu. Ilikuwa siku ya kumi ya mfungo, na mimi mwalimu wenu khitma yangu ilikuwa bado imelala juzuu ya tatu. Usiku ule nikafungua msahafu pale nilipoishia, nikafika Surat Aal Imran, aya ya 37.

Habari yake mnaijua. Mama yake Maryam aliweka nadhiri kwamba mtoto aliye tumboni mwake atakuwa wa kumtumikia Allah. Akazaliwa Maryam, na malezi yake yakaangukia kwa Nabii Zakariya. Hakumzaa yeye. Alipewa amlee. Aya inatueleza kuwa kila alipoingia kwake kwenye mihrabu alimkuta ana riziki, na wafasiri wengi wamesema yalikuwa matunda yasiyokuwa ya msimu wake. Zakariya akamuuliza amekipata wapi. Maryam akajibu kuwa kimetoka kwa Allah.

Aya hii nimeisoma tangu utotoni, na siku zote jicho langu lilikuwa kwenye muujiza wa matunda. Usiku ule jicho likaangukia kwenye swali. Tazameni: anayeuliza ni nabii. Anayeulizwa ni Maryam, ambaye Allah mwenyewe amemtakasa. Mahali penyewe ni mihrabu. Kama kuna mahali ambapo mlezi angesema "hapa pana haja gani ya kuuliza," basi ni pale. Na bado akauliza! Kwa nini? Kwa sababu mtoto ni dhamana, na mwenye dhamana ya mtoto hutaka kujua kinachoingia tumboni mwake.

Halafu tazameni jibu. Maryam hakusema "kwani unanishuku?" Hakununa. Alijibu alichoulizwa. Na aya inayofuata, ya 38, inasema hapohapo Zakariya akamwomba Mola wake naye amruzuku mtoto mwema. Swali liliulizwa kwa adabu, likajibiwa kwa utulivu, na likaishia kwenye dua.

Sisi letu linaishia wapi? Linaishia kwenye grupu la kikoba.

*Kuuliza si kutuhumu, na kukataa si kutukana*

Tena tunaye Mtume wetu (s.a.w.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa mjukuu wake Hassan (r.a.), akiwa mtoto mdogo, aliokota tende katika tende za sadaka akaitia mdomoni. Mtume (s.a.w.) akamfanya aiteme palepale, kwa kuwa sadaka si halali kwa watu wa nyumba yake. Tende moja! Hakusema "ni mtoto huyu, mwacheni." Sababu ilikuwa ya halali na haramu, lakini somo la malezi liko wazi: kinywa cha mtoto kina mlinzi.

Na imepokewa pia kuwa nyumbani kwa Bibi Maymuna (r.a.) aliandaliwa mnyama aina ya kenge wa jangwani, wa kuchoma. Mtume (s.a.w.) hakumla, akaeleza tu kuwa mnyama huyo hayuko katika nchi ya watu wake. Khalid bin Walid (r.a.) akamla pale pale mbele yake, wala hakukatazwa. Hakuna aliyeambiwa mchafu, wala aliyekasirika kwa kuwa chakula kimekataliwa. Huyu kaacha, huyu kala, na mkeka ni mmoja.

Kwa hiyo dada yangu, mwenzako akikwambia "mwanangu usimpe karanga, zinamdhuru," usisikie "jiko lako chafu." Sikia alichosema: karanga zinamdhuru. Ukimpa kwa siri ili umwoneshe kuwa hatadhurika, hapo umeshaichezea amana. Wapo watoto ambao karanga au yai kidogo tu linawavimbisha uso na kuwabana pumzi. Mtoto wa mtu si wa kujaribiwa.

*Vipi kuhusu sufuria?*

Nilimuuliza muuguzi mmoja wa jamaa zetu msikitini. Akanieleza kwa lugha nyepesi. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto letu la pwani hata hizo ni nyingi. Kwenye mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa nje usiku kucha vinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha, hata uchemshe vipi. Tena inaweza isinuke wala isibadilishe ladha. Wanachuoni wameruhusu aliyefunga kuonja chakula kwa ncha ya ulimi pakiwa na haja, bila kumeza. Lakini yule mama hata angeonja, pengine asingegundua kitu.

Nikamuuliza: mbona wale watatu hawakuumwa? Akasema mkubwa huhimili ambacho mdogo hahimili, na mtoto mdogo maji humwishia mwilini haraka sana. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake mwaka 2015: watoto wa chini ya miaka 5 hubeba asilimia 40 ya mzigo wa maradhi yatokanayo na chakula, na watoto 125,000 wa umri huo hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Ndugu zangu, hayo si mambo ya kusema "chakula tu."

Nikamuuliza tena: basi ni sufuria ile? Akatikisa kichwa. "Ustadh, siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema siyo. Mtoto wa umri ule anaokota kila kitu anatia mdomoni. Maji, mikono, homa ya tumbo inayozunguka mtaani, yote yanawezekana."

Hapo nikaelewa kuwa wote wawili walikuwa wanasema kwa yakini jambo ambalo hata mwenye ujuzi hana yakini nalo.

Na sisi wanaume tusijifiche. Sufuria ile ilijaa kwa ajili ya nani? Sisi ndio tunaotaka vitu sita juu ya mkeka, tunakula viwili, tunaondoka kwenda tarawehe. Kinachobaki ni chakula cha mchana cha watoto ambao hawajafunga. Israfu yetu ya usiku inalishwa mtoto wa miaka miwili kesho yake.

*Niliporudi*

Kesho yake baada ya Alasiri nikarudi. Safari hii sikwenda na hotuba.

Kwa mwenye mtoto nikasema: dada yangu, ulikuwa na haki ya kuuliza. Nabii wa Allah aliuliza mahali patakatifu kuliko uani huu. Mimi juzi nilikudhulumu nilipolifanya jambo lako dogo. Lakini haki yako ilikuwa ni kuuliza, haikuwa kumfedhehesha mwenzako mbele ya watu kwa jambo usilokuwa na hakika nalo. Palepale ulipoandika, pana deni lako.

Kwa mwenzake nikasema: hukumpa sumu, dada yangu. Ulimpakulia kwenye sinia moja na watoto uliowazaa, na anayetaka ushahidi wa nia yako ni huo. Katika mlango wa amana za mali, wanachuoni wa fiqhi wanasema aliyewekewa amana halipi kilichoharibika mikononi mwake isipokuwa amevuka mpaka au amezembea. Nami sikuoni kuwa ulizembea, ulifanya ulivyolelewa. Lakini jana ulikuwa hujui, leo umeshajua. Kiporo cha wali wa jana ukikiweka tena mbele ya mtoto wa mtu, hilo litakuwa jambo jingine mbele ya Allah.

Kimya kikakaa. Ndipo yule wa nyumbani akatoka nje ya pazia. Hakuomba msamaha, wala hakujitetea. Akauliza, "Sasa hivi anakula nini?"

Mwenzake akajibu, "Uji mwepesi. Na ndizi akipondewa."

Ukisikia hivi unaweza kudhani si lolote. Lakini hilo lilikuwa swali la Zakariya, na hilo lilikuwa jibu la Maryam.

Sitawadanganya kuwa waliangukiana shingoni siku ile. Mwenye mtoto aliandika kwenye grupu usiku huohuo, akasema alichosema mwanzo alikisema kwa hasira na hana ushahidi, mwenzake kamlelea mwanawe miaka miwili na hajamshukuru vya kutosha. Kuanzia wiki iliyofuata akawa analeta chakula cha mtoto asubuhi, kwenye kibakuli chenye mfuniko na chupa ya uji. Mwanzoni yule wa nyumbani alikuwa anakipokea uso umekunjamana. Baadaye akazoea. Siku za mwisho mwisho za mfungo, sahani ikavuka tena uani. Ilikuwa na tambi kidogo tu, za moto, zimeepuliwa sasa hivi.

*Ya kufanyia kazi leo*

Ukimwacha mtoto kwa mtu:
1. Sema anachokula, asichokula, kinachomdhuru na dawa anayotumia. Usiseme "atakula chochote" kisha ukaja kugomba.
2. Ukiweza, mletee chakula chake. Usiposhindwa, acha na hela ya maziwa. Kukaa na mtoto bure haina maana kuwa hakuna gharama.
3. Acha namba ya simu inayopatikana, na kadi yake ya kliniki.
4. Unapomchukua, uliza kwa upole: "Leo kala nini?" Uliza kila siku, hata siku njema, ili siku ya shida swali lisiwe geni.
5. Una lalamiko? Mlangoni kwake, wawili tu. Si kwenye grupu.

Ukipokea mtoto wa mtu:
1. Uliza wewe kwanza. "Huyu nisimpe nini?" Utamwondolea mama yake aibu ya kukuagiza.
2. Usimwonjeshe kitu kipya bila ruhusa. Asali ni shifaa, lakini wataalamu wa afya wanatahadharisha asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Karanga nzima na tende yenye kokwa humkaba mtoto mdogo. Tende zimejaa mwezi huu, toa kokwa, ukate vipande vidogo.
3. Huna friji? Pika kidogo, na kinachobaki kitoe usiku uleule kwa jirani kikiwa bado kizuri. Mchana wapikie watoto upya, hata uji.
4. Funika vyombo. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kufunika vyombo usiku, na hadithi yake iko Bukhari na Muslim. Lakini kufunika kunazuia nzi na vumbi, hakuzuii chakula kuharibika.
5. Mtoto akitapika au akiharisha, piga simu saa hiyohiyo. Usingoje mama yake arudi, wala usifiche ulichompa, daktari atahitaji kujua. Anza kumpa ORS kidogo kidogo, na ukimwona amelegea au analia bila machozi, kimbieni hospitali.

Na kama kuna mtu mmenuniana kwa jambo la namna hii, leo ni siku ya tatu ya Ramadhani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Hesabu yako inaishia leo magharibi. Usisubiri aanze yeye. Vuka uani.

Ewe Mola wetu, tulindie watoto wetu na wa jirani zetu. Tujaalie tuulize bila kutuhumu, na tujibu bila kukasirika. Walipe malipo mema kina mama wote wanaolea watoto wasiowazaa wakiwa na njaa ya funga. Turehemu, utusamehe, utupokelee. Aamin.

Ukiona ina faida, mfikishie mwenzako, hasa yule unayemwachia mtoto wako.

Kesho in shaa Allah, siku ya 4.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.